Mla mbwa: nani ana ruhusa ya kuniita hivyo?

Jumamosi iliyopita tulienda kuangalia stendapu kwenye ukumbi mmoja hapa Mwanjelwa, kiingilio buku kumi, mimi na mtani wangu Mngoni na mke wake pamoja na mtoto wa kaka yangu anaesoma chuo hapa Mbeya. Mi sio mtu wa shoo sana ila wiki ilikuwa nzito, na mtani alishanunua tiketi zote, nikasema poa twende tukacheke.

Mchekeshaji alitoka Dar. Kaanza vizuri tu, stori za bajaji, za mikopo ya kausha damu, watu tunacheka. Akapita kwa Wahindi wa madukani, akaiga lafudhi, nitarudi hapo. Halafu akauliza kuna Wahehe humu? Tukanyoosha mikono maana ukiulizwa hivyo kwenye shoo unanyoosha tu. Akawaambia wenye mbwa nyumbani wapige simu haraka mbwa wafungiwe ndani. Ukumbi mzima kicheko, na mimi nilicheka, hiyo ya mbwa nimekua nayo, nimeitwa mla mbwa toka darasa la kwanza.

Akaendelea. Akaja kwa mabeki tatu, wadada wa kazi za ndani wa kutoka Iringa, akavuta sauti kwa salamu yetu ya Kihehe, "kamweneee", akaigiza binti anaogopa friji, binti anafulia maji ya chooni, binti anaitwa anaitika kama ng'ombe. Watu hoi. Akamalizia na ile nyingine, kwamba ukimgombeza Mhehe kwanza ficha kamba zote za nyumba asije akajinyonga.

Hapo nikaishiwa. Nyuma yangu kulikuwa na jamaa anapiga teke kiti changu kwa kucheka na anamwambia mwenzake "ni kweli kabisa hao ndo walivyo, hao hata ukiwalipa hawajui hela". Ni KWELI KABISA. Hiyo sentensi mpaka leo sijaimaliza kichwani. Nikageuka upande wa mtani wangu, huyu mtu ambae kila asubuhi akipita dukani kwangu salamu yake ni "kamwene mla mbwa" na mimi namjibu "Mngoni rudi kwa Shaka mlikomkimbia", nikamkuta katulia, anaangalia mikono yake, hacheki.

Tukiwa kwenye bajaji tunarudi Soweto (Soweto yetu ya hapa Mbeya, sio ile ya Afrika Kusini tulikotoa jina) mtoto wa kaka akaniuliza, "Shangazi mbona umekasirika, mtani si anakuita hivyo hivyo kila siku? Akisema yeye sawa, akisema mwingine kosa, huo si ndo mizani miwili?" Swali zuri na sikuwa na jibu palepale, ndo maana naandika hapa maana limenikosesha usingizi siku nne.

Naanza na mtani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kuanzia 1878 mpaka 1882, watu walikufa pande zote, na wazee wanasema utani wetu umetoka humo, kwamba mliouana mkaishia kutaniana badala ya kulipizana. Kwa hiyo neno la mtani limelipiwa. Na linaendelea kulipiwa, mtani ana kazi. Kwenye msiba mtani ndo anashika jembe, mtani ndo anaziba njia jeneza lisipite mpaka mtoe chochote, anaweza hata kulala kaburini akagoma kutoka, wafiwa wanajikuta wanacheka huku machozi yanatoka. Ukimtukana anarudishia na ukimnyang'anya kuku hakushtaki.

Sasa mwaka 2019 mtoto wa mama yangu mdogo kule Kilolo alijinyonga. Alikuwa na miaka 22. Sitaeleza zaidi, mama mdogo bado yupo. Mtani wangu alipanda basi la usiku kutoka Mbeya akafika asubuhi na viatu vya kazi, akachimba na vijana, halafu akafanya utani wote unaotakiwa, akasema Wahehe mmepika wali mbichi, akaiba sufuria, akadai jeneza halipiti bila soda mbili. Watu walipumua kidogo siku ile kwa sababu yake. Kamba hakuitaja. Sio siku ile tu, sijawahi kumsikia akiitaja hata siku moja tena, na ile ya kamba Wangoni wanayo, ni utani wa zamani kabisa, zamani alikuwa ananiambia. Aliuacha mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Hiyo ndo tofauti niliyokuwa nashindwa kuieleza kwenye bajaji. Mtani ana ruhusa kwa sababu anajua ni lini aache, na anajua kwa sababu alikuwepo. Yule wa jukwaani hajui nani kakaa safu ya tatu, na hawezi kujua, lakini basi ajue kwamba hajui. Halafu mimi pale sina maiki, siwezi kumrudishia, nimekaa tu kwenye kiti cha plastiki natukanwa na nimelipia.

Dogo hakukubali. Yeye anafuatilia sana komedi za Marekani, akanipa mifano, na kusema ukweli mifano yake ilinisaidia mimi kuliko yeye. Akasema kule Weusi wanaitana niga kutwa, Mzungu akilisema hata mara moja kazi hana. Akanitajia Michael Richards, mchekeshaji Mzungu aliyeigiza kwenye Seinfeld, kipindi cha vichekesho cha tivii, Novemba 2006 kwenye ukumbi wa Laugh Factory huko Los Angeles aliwatukana watazamaji Weusi kwa hilo neno, akaishia kuomba radhi kwenye tivii. Baada ya hapo ukumbi ukalipiga marufuku neno lenyewe kwa WOTE, weusi kwa weupe, na mwezi uliofuata tu mchekeshaji Damon Wayans ambae ni Mweusi akalambwa faini ya dola 320, yaani dola 20 kila alipolitaja, mara 16. Dogo anasema unaona, hapo ndo haki, sheria moja kwa kila mtu.

Mi naona hapo ndo walikosea. Huwezi kumpiga faini mtoto wa nyumba kwa neno ambalo bibi yake alipigiwa nalo viboko kisha ukaita usawa. Ila naona pia kuna kitu kikubwa kuliko faini. Paul Mooney, mchekeshaji Mweusi, aliyekuwa anaandika vichekesho na Richard Pryor, mchekeshaji mwingine Mweusi, na alilitumia hilo neno miaka na miaka, baada ya kisa cha Richards akasema na yeye sasa basi. Hakuna aliyemkataza.

Pryor mwenyewe aliliacha zamani, na kisa chake kinanigusa maana kimetokea hapa jirani. Huyu mtu alilitumia mpaka kwenye majina ya albamu zake. Mwaka 1979 akaja Kenya. Akakaa kwenye ukumbi wa hoteli akawa anaangalia watu, watu weusi wako kila mahali wanafanya kila kazi, na akagundua kwamba kati ya wote hao hakuna hata mmoja anayefaa kuitwa lile neno. Akarudi kwao, na kwenye shoo yake ya 1982 akawaeleza watu kwa nini hatalitumia tena. Yaani mtu amesafiri kutoka Marekani, akaona watu kama mimi na wewe wakienda kazini, neno likamfia mdomoni. Na sisi ambao tulimponya bila hata kujua, vijana wetu leo wanalibandika kwenye matairi ya boda hapa Kabwe, dogo mwenyewe na rafiki zake wanaitana "niga wangu" asubuhi mpaka jioni. Nikamuuliza hilo neno umelipiwa na nani? Akanyamaza kidogo, akasema "neno ni neno tu shangazi".

Hapana. Chukua kafiri. Kwetu ni neno la dini, baya ndio, lakini la kwenye mambo ya imani. Neno hilohilo la Kiarabu lilishuka mpaka Afrika Kusini likageuka tusi la kumwitia mtu mweusi, na mwaka 2018 mwanamke mmoja wa Kizungu, Vicki Momberg, alihukumiwa miaka mitatu, mmoja ukasamehewa kwa masharti, kwa kuwarushia polisi weusi neno hilo mara 48. Alikuwa ameibiwa, polisi walikuja kumsaidia. Kwa hiyo neno linabeba kule lilikopita.

Na mfano mmoja wa mwisho ambao dogo alinipa akidhani unamsaidia yeye. Dave Chappelle, mchekeshaji Mweusi wa Marekani, 2005, ana mkataba wa dola milioni 50 wa kipindi chake cha tivii, akaacha kila kitu katikati ya kurekodi akaenda zake Afrika Kusini. Baadae akaeleza kwamba walikuwa wanarekodi kichekesho cha mambo ya rangi na mtu mmoja Mzungu pale kwenye seti akacheka, ila akacheka KWA NAMNA fulani, na yeye akahisi huyu hacheki nilichokusudia, huyu ananicheka. Nilivyosikia hiyo niliona jamaa wa nyuma yangu na teke lake. Ni kweli kabisa hao ndo walivyo. Kwa hiyo hata mwenye neno, hata mwenye ruhusa zote, hawezi kuchagua kicheko kitakachomrudia.

Dada yangu mkubwa alikwenda Dar kufanya kazi za ndani mwaka 1998, kamaliza la saba tu, dalali akaja kijijini kuwakusanya mabinti wanne akawapandisha basi. Wanawataka wa kwetu kwa sababu eti hawajui mji na hawadai. Alikaa miezi 11, miezi minane hakulipwa, akarudi na begi lilelile. Sasa dada stori ya friji anayo! Anatusimulia kila Krismasi na tunaanguka chini kwa kucheka. Lakini kwenye stori yake anayechekesha ni yule mama mwenye nyumba, anahesabu vipande vya nyama kabla ya kwenda kazini, anapiga mstari wa kalamu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia ajue yamepungua kiasi gani, na dada alikuwa anaongeza maji kidogo mafuta yapande mpaka kwenye mstari, jioni sufuria inalipuka pwaa pwaa mama anaruka na kanga yake. Friji ileile, binti yuleyule wa Iringa. Mchekeshaji wa Jumamosi angemuuliza dada yangu hata kwa dakika kumi angepata kichekesho kizuri mara mia.

Sitaki afungiwe wala ashtakiwe, sijasema hivyo. Nataka aje kuuliza.

Sasa kuna kitu nimekizunguka toka mwanzo. Tulivyofika nyumbani tunashuka kwenye bajaji, dogo akasema taratibu tu, kwa heshima, "Lakini shangazi, ile ya Mhindi ulicheka mpaka ukalia".

Nilicheka mpaka nikalia. Mchekeshaji aliiga lafudhi, akasema gabacholi, akatikisa kichwa, na mimi nilimpiga mtani begani kwa kucheka. Pale Uhindini kuna mzee wa duka la vipuri nanunua kwake miaka tisa. Kazaliwa hapahapa Mbeya kabla ya uhuru, wateja wa Kinyakyusa anawasalimia "ugonile" na wanaitika, mimi ananiambia kamwene. Na mara ngapi nimesimama kwenye kaunta yake mteja anamwigizia lafudhi usoni, "punguza bana, haraka haraka bana", na mzee anatabasamu. Nilikuwa najua anafurahi. Hatuna utani na Wahindi, hakuna vita tulivyopigana nao tukamaliza, hachimbi kaburi kwetu na hatuendi kubeba kwao, na siku ambayo yeye ataiga Kiswahili cha Mhehe mbele ya wateja duka litafungwa na atakuwa ametukana Waafrika. Mpaka mtaa wenyewe unaitwa Uhindini kwa sababu mkoloni aliwapanga watu kwa rangi, Wazungu kule, Wahindi hapa, sisi huku, akaondoka na sisi tumebaki na vibao vyake.

Jana nilienda kununua fen belti ya pikap. Mzee akaniuliza eti mlienda kwenye vichekesho Mwanjelwa, ilikuwaje? Nikamwambia ya mbwa. Nikamwambia na ya mabeki tatu, akasikitika, akasema "hiyo si vizuri mama". Akawa anatafuta belti kwenye rafu, kanipa mgongo, akauliza, "Na sisi walitutaja?"

Nikasema ndiyo.

"Ulicheka?"

Nikasema nilicheka mzee wangu, nisamehe. Hakugeuka haraka. Akashusha boksi, akalifuta vumbi na kitambaa, akaitoa belti akaipima na ya zamani niliyoleta, moja juu ya nyingine, akasema hii ndo yenyewe, elfu 18.

Sikuomba apunguze.