Mkaratusi Ulionipotezea Nyota

Mwanzoni mwa Juni 2019, katika majuma ya baridi kavu ambayo wenyeji wa Iringa huyajua vizuri, niliisimika darubini yangu uani kwa shangazi, nje kidogo ya mji, nikikusudia kupiga picha ya Omega Centauri, kishada cha nyota kilicho umbali wa miaka ya nuru ipatayo 17,000. Darubini kubwa nilikwisha kuizoea. Kigeni kwangu kilikuwa kamera ya mwongozo, ile ndogo inayofungwa nyuma ya darubini ya pili, nyembamba, ili iitazame nyota moja bila kukoma na kuufanya mtambo unaobeba darubini ujirekebishe kila nyota hiyo inaposogea.

Mchana niliiwekea fokasi, yaani niliirekebisha hadi picha ikawa kali, kwa kutazama mkaratusi ng'ambo ya shamba, yapata mita 100, hata majani yakaonekana moja moja, nikakaza skrubu nikiwa nimeridhika kabisa. Saa mbili usiku PHD2, programu ya kompyuta inayoonyesha picha za kamera ya mwongozo, ilinionyesha weusi mtupu. Niliongeza muda wa kila picha kutoka sekunde 2 hadi 5, nikabadilisha waya. Mdogo wangu, aliyenishikia tochi nyekundu, akasema, "Kaka, huenda kamera yenyewe imekufa." Nilikaribia kukubaliana naye.

Ndipo nilipoielekeza darubini kwenye Alpha Centauri, nyota inayong'aa sana, na katika kioo cha kompyuta likatokea duara pana, hafifu, mfano wa sahani. Kamera ilikuwa nzima. Lenzi ya darubini ile nyembamba, yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi picha ya nyota inapokuwa kali) wa milimita 200, ikitazama mti ulio mita 100, huitaka kamera ikae nyuma kwa milimita 0.4 kuliko inapotazama nyota. Na kwa lenzi yangu ya f/4, yaani yenye upana ulio robo ya urefu wa fokasi, kosa hilo dogo huitandaza nyota moja katika upana wa pikseli zaidi ya 25, kiasi kwamba nyota hafifu, ambazo ndizo nyingi, hazionekani kabisa.

Nililegeza skrubu nikaisukuma kamera ndani kidogo kidogo, nikingoja picha mpya kila mara, huku sahani ikinywea hadi ikawa nukta, kisha ikaanza kutanuka tena, nami nikairudisha. Kukaza skrubu kuliisogeza tena, basi nikarudia mara mbili. Nilipoielekeza upya Omega Centauri, nyota ndogo zilikuwa zimeijaa skrini. Mdogo wangu alihesabu kumi na moja, kisha akaniomba wino mweupe, akachora mstari kwenye bomba mahali kamera ilipoishia.