Picha ya darubini kubwa ina Strehl ngapi?

Watu wakiongelea darubini za ardhini wanaulizia ukubwa wa kioo, mita 8, mita 10, na mimi naona hilo swali peke yake halitoshi kabisa, uliza pia Strehl, yaani kipimo cha ukali wa picha. Hewa inaharibu jamani. Ule mtetemo unaouona juu ya lami saa saba mchana upo pia angani usiku, mdogo tu, ila unatosha kufanya kioo cha mita 8 kioneshe undani uleule wa kidarubini cha sentimita 20. Mwanga kinakusanya mwingi, sawa, lakini nyota inabaki doa.

Dawa yake ndo adaptivu optiki, yaani kioo kinachojikunja chenyewe kufuta huo mtetemo. Darubini ya Yepun kule Paranal, Chile, ina kioo cha pili chembamba cha mita 1.1, na nyuma yake kuna visukumizi 1,170 vinavyokikunja mpaka mara elfu kwa sekunde kufuata hewa, na hewa yenyewe inapimwa kwa nyota bandia 4 za leza zinazowashwa kwenye tabaka la sodiamu lililoko kama kilomita 90 juu. Picha ya Neptuni waliyotoa 2018 ni kali ajabu.

Lakini kuwa na huo mtambo sio kwamba picha ni safi. Hapo ndo Strehl inakuja: ni kilele cha mwanga wa nyota ulichopata, ukilinganisha na ambacho ungepata hewa isingekuwepo. Sasa cheki, baada ya kioo kurekebisha, likibaki kosa la nanomita 150 tu kwenye umbo la mawimbi ya mwanga, kwenye infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya mikroni 2.2 Strehl ni asilimia 80 na ushee, ila kwenye mwanga wa kawaida wa nanomita 600 haifiki hata 10. Kosa lilelile! Ndo maana ile nyota S2 inayozunguka shimo jeusi katikati ya galaksi yetu kwa miaka 16 imefuatiliwa kwa infraredi (na vumbi la huko nalo linalazimisha, maana linaziba mwanga wa kawaida).

Strehl ikishuka kinabaki kiini kikali kimezungukwa na ukungu, na hapo ndo pabaya, maana jicho linaona kiini linaridhika, kumbe sayari hafifu iliyo kando imeshamezwa na ule ukungu. Tena ukisogea mbali na nyota ya kuongozea, yaani ile inayotumika kupima hewa, hewa ni nyingine, umbo la nyota za pembeni linavutika, na ukipima mwangaza wake kwa umbo la ile ya katikati unapata namba ya uongo.

Mimi natamani kila picha inayotolewa iandikwe Strehl yake na mawimbi yaliyotumika, hasa ELT, ile darubini ya kioo cha mita 39 inayojengwa Chile, ikianza kazi, kwa sababu ukali wake wote utategemea visukumizi zaidi ya 5,000 vya kioo chake cha nne.