Gata Lipimwe kwa Paa Kabla ya Kupimwa kwa Mita

Watu wengi wanaojenga Dar es Salaam huanza habari ya gata, yaani mfereji unaokinga maji ya mvua ukingoni mwa paa, kwa kuuliza bei ya mita moja, na fundi naye huchukua futi kamba, akazunguka nyumba, akajumlisha urefu wa upenu na kutoa hesabu. Kwa utaratibu huo nyumba mbili zenye upenu wa urefu uleule hupewa gata la aina moja, hata kama paa la moja lina mita 4 kutoka kilele hadi ukingoni na la nyingine lina mita 8. Kinachoamua ukubwa wa gata ni eneo la paa linalomwaga maji ndani yake, pamoja na ukali wa mvua katika zile dakika chache inapopiga kwa nguvu zake zote. Urefu huja baadaye, wakati wa kununua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuchukue upande wa paa unaofunika mita 60 za mraba, zikiwa zimepimwa chini kwenye ardhi bila kufuata mwinamo wa bati. Mvua ya masika inapofikia kasi ya milimita 100 kwa saa, jambo ambalo hutokea ingawa halidumu, upande huo peke yake hutoa lita 100 kila dakika, yaani ndoo tano kubwa zilizojaa. Kanuni inayotumiwa sana na wanaovuna maji ya mvua ni kuwa na sentimita moja ya mraba ya nafasi ya ndani ya gata, ikipimwa kama vile gata limekatwa kwa upana, kwa kila mita moja ya mraba ya paa. Gata la nusu duara lenye upana wa sentimita 10 lina takriban sentimita 39 za mraba, kwa hiyo halitoshi hapo. Lenye upana wa sentimita 12.5 lina takriban 61, na hilo linatosha bila ziada. Mimi ningepanda hadi sentimita 15, kwa sababu hakuna gata linalobaki safi mwaka mzima.

Upande wa malighafi, mabishano ya mafundi hayaishi. Bati linalokunjwa na fundi ni rahisi kupatikana na hukatwa kwa kipimo chochote, lakini kutu huanzia kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya riveti, na kwa nyumba za Kigamboni au Kunduchi chumvi ya bahari huharakisha kazi hiyo. Plastiki ya PVC haishiki kutu, ila jua huifanya iwe ngumu na rahisi kuvunjika ikiwa ni nyembamba. Tena hurefuka na kufupika kuliko chuma, kiasi kwamba kipande cha mita 6 kinaweza kubadilika kwa zaidi ya sentimita moja kati ya ubaridi wa alfajiri na ukali wa jua la saa nane. Fundi anayeibana kwa gundi kila upande bila kuiachia nafasi anatengeneza ufa utakaoonekana baada ya muda mfupi. Alumini ni nyepesi na hustahimili hali ya hewa vizuri, na kinachoizuia kutumika zaidi ni bei yake. Karibu na bahari ningechagua PVC nene au alumini. Mbali na pwani, bati nzuri iliyopakwa rangi inafaa.

Ubora wa gata lakini huishia mikononi mwa anayelifunga. Kwanza fishabodi, yaani ubao wa ukingoni mwa paa unaofungiwa gata, iwe imenyooka na iwe nzima, kwa maana ubao uliooza haushiki skrubu, na gata lililojaa maji ni zito. Mteremko wa milimita 5 kwa kila mita unatosha: kwa upenu wa mita 12 tofauti ni sentimita 6, nayo huweza kugawanywa kwa kuanzia katikati na kushuka sentimita 3 kila upande, mradi kuwe na bomba la kushushia maji katika kila pembe. Mteremko huu usikadiriwe kwa macho. Mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule ule unaotumika kupimia msingi, hutoa usawa wa uhakika. Kisha huvutwa uzi, na vishikizi hufungwa kwa kuufuata, kila kimoja kikiwa umbali wa sentimita 60 hivi kutoka kwa kingine. Bati la paa liingie ndani ya gata kwa sentimita 5 hivi. Likiwa fupi, maji hurudi nyuma na kuteleza kwenye fishabodi, na mwenye nyumba atalaumu gata kwa kosa la paa. Likiwa refu mno, mvua kubwa huruka juu ya gata lote. Mdomo wa nje uwe chini kidogo kuliko ukingo wa nyuma, ili gata likizidiwa limwage nje, mbali na ukuta.

Mapaa ya mtindo wa msauzi, yale yenye pande nyingi zinazokutana, yana tatizo lao. Pale pande mbili zinapokutana na kufanya bonde, maji ya pande zote mbili hushuka kwa kasi katika nukta moja na kuruka gata lililo mbele yake. Dawa ni kuinua kipande cha bati kama kizuizi kwenye kona hiyo, na kuweka bomba la kushushia karibu nayo. Nyumba za kuficha paa nazo, ambazo sasa zimejaa kila mtaa mpya, zina gata lililofichwa nyuma ya ukuta, juu ya nyumba yenyewe. Likiziba, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye dari. Sioni sababu ya mtu kukubali mchoro wa namna hiyo usioonyesha tundu la dharura lililotobolewa kwenye ukuta, chini ya kimo ambacho maji yangeanza kuingia ndani.

Baada ya hapo maji yafike mahali. Kwenye vilima vya Goba na Kimara, ambako udongo wa kichanga huchukuliwa upesi, bomba linalomwaga palepale kwenye kona ya nyumba huchimba msingi zaidi ya upenu usio na gata kabisa, kwa kuwa maji ya paa zima yamekusanywa mahali pamoja. Yapelekwe kwenye tangi, kwenye shimo lililojazwa mawe mbali na msingi, au kwenye mtaro halali, na kamwe yasielekezwe kwenye karo la choo, ambalo hufurika katika mvua ya kwanza kubwa. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka. Paa la mita 120 za mraba, hata likipoteza sehemu moja kati ya tano, huweza kutoa zaidi ya lita 100,000. Anayevuna aache mvua ya mwanzo ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwanza: bomba la inchi 4 lililosimamishwa kabla ya tangi na kuzibwa chini kwa kifuniko cha kufungua hushika lita 8 hivi kwa kila mita.

Usafi ufanyike kabla ya vuli na tena kabla ya masika, na mara nyingi zaidi palipo na mwembe au mwarobaini juu ya paa, bila kuwasahau kunguru wa jiji hili, ambao huacha mifupa na vipande vya waya mahali popote panapotua miguu yao. Gata lenye maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, ugonjwa uliozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mbu huyo huweza kukamilisha ukuaji wake kwa wiki moja hivi, kwa hiyo kidimbwi kidogo kilichosababishwa na kishikizi kilicholegea kinatosha. Mimina ndoo ya maji upande wa juu na utazame yanaposimama. Hapo ndipo pa kuinua. Kiungo kinachovuja kisipakwe silikoni kwa nje. Toa ile ya zamani yote, kausha, kisha upake mpya kwa ndani, na uchague wiki ambayo haina dalili ya mvua.