Safari ya Tukuyu na sheria zilizokomesha utumwa nusunusu

Kosta ilipoiacha barabara kuu pale Uyole na kuanza kupanda kuelekea Isongole, ukungu ulikuwa umetanda juu ya mashamba ya viazi. Nilikuwa naenda Tukuyu kuliona boma la Wajerumani, kwa kuwa ni kupitia maboma ya aina hiyo kwamba amri za utumwa ziliwafikia watu wa nyanda hizi.

Kupiga marufuku biashara ya watumwa hakukuwa sawa na kuukomesha utumwa. Sultani Barghash alilifunga soko la Zanzibar mwaka 1873, na mwaka 1893 Wajerumani walishusha katika Ziwa Nyasa meli iliyoletwa vipande vipande kwa ajili ya kuwazuia wafanyabiashara wa watumwa. Hata hivyo, aliyekwisha kununuliwa aliendelea kuwa mali ya bwana wake. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha. Kisha ikaja ile ya Desemba 1904, ambayo ndiyo hunikera kuliko zote: watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru.

Nilimweleza hayo mama mmoja aliyepandia Kiwira na mkungu wa ndizi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, huyo mama mwenyewe je?"

Mama mwenyewe alibaki mtumwa. Mtoto wake aliyezaliwa Desemba 1905 alibaki mtumwa pia, na mdogo wake aliyemfuata akawa huru, ilhali wote walilala nyumba moja na kula chungu kimoja. Waliotunga amri hiyo walitaka utumwa ufe taratibu ili wenye mashamba na wakuu waliowategemea wasiwageuke, na gharama ya subira hiyo wakambebesha mtumwa.

Boma la Tukuyu bado ni ofisi za serikali. Nje ya kuta zake nene nilimkuta binti aliyembeba mwanawe mgongoni kwa khanga, ameshika bahasha ya kaki yenye karatasi za kuombea cheti cha kuzaliwa. Alikuwa akiikagua tena na tena tarehe aliyoiandika.

Utumwa ulifutwa kabisa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mtoto aliyezaliwa huru Januari 1906 alikuwa na miaka 16 sheria ilipomfikia mama yake, kama mama huyo alikuwa angali hai.