Dada Baada ya Upasuaji wa Kukaza Tumbo
Dada yangu aliporudi Kirumba baada ya upasuaji wa kukaza tumbo, alitembea ameinama kama anayetafuta sindano sakafuni, mkanda mpana ukimbana kiunoni na mirija miwili ikitoa majimaji yenye damu, ambayo tuliyapima na kuyaandika kila asubuhi. Upasuaji huu si tiba ya unene. Huondoa ngozi iliyolegea na kushona misuli iliyoachana kwa uzazi, hivyo anayetarajia kuzaa tena ni afadhali asubiri. Ndoo ya maji hakuigusa kwa wiki 6, ingawa majirani (hawakosekani) walimwita mvivu. Nilichohofia zaidi ni damu kuganda: shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi zikikatika ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.