Kadibodi Chini ya Injini

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa kwenye foleni, vioo vimeshushwa, nikanusa mafuta yanayoungua nikadhani ni ya lori lililo mbele yangu. Lori likakata kona, harufu ikabaki. Nyumbani nilipofungua boneti, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye manifoldi ya ekzosi, mabomba ya moto yanayopokea moshi wa injini.

Gari lile aliniachia baba, pamoja na daftari lake la sevisi. Yeye alipima oili kila wiki, injini ikiwa imepoa, gari limesimama pa tambarare. Mimi nilikuwa nangoja taa ya dashibodi. Sikujua kwamba ile taa nyekundu haikuambii oili inapungua. Inakuambia presha imeshuka, na hapo chuma huenda kimeshaanza kusaga chuma. Nikachomoa stiki ya kupimia oili: ilikuwa chini ya alama ya chini. Kati ya alama mbili, kwenye magari mengi madogo, kuna kama lita moja. Lita nzima ilikuwa imeniponyoka bila habari.

Gereji niliyoikimbilia ilibadilisha gasketi ya tapeti kava, yaani ule mpira unaoziba ukingo wa kifuniko cha juu cha injini, kwa muda usiofika saa moja. Wiki tatu baadaye harufu ikarudi.

Ndipo nikamwendea mzee aliyekuwa akilitengeneza gari la baba. Nikaanza kumwonyesha matone chini ya injini, akanikatiza. "Mwanangu, hapo ndipo inapodondokea. Mimi nataka inapoanzia." Oili ikitoka hushuka, kisha upepo wa safari huisukuma nyuma, kwa hiyo sehemu iliyolowa kuliko zote mara nyingi haina kosa lolote. Tukaivisha oltaneta, ile inayozalisha umeme wa gari, mfuko wa plastiki, tukaosha injini ikakauka, tukaiwasha dakika ishirini. Mzee akashika tochi, mimi nikapewa kitambaa cheupe nipanguse kuanzia juu kabisa, kidogo kidogo. Kitambaa kilirudi cheupe mara nyingi sana. Kilipopita ukingo wa nyuma wa tapeti kava, kikatoka na mstari wa kahawia.

Gasketi ileile mpya!

Tukafungua. Kwanza koili zinazopeleka umeme kwenye plugi, na kwenye shimo la plugi ya tatu oili ilikuwa imetuama imefunika kichwa cha plugi. Kumbe ndiyo sababu gari lilikuwa linamisi, yaani injini inakatakata, asubuhi, nami nikilaumu petroli. Kava lilipong'oka, mzee akasonya: silikoni ilikuwa imepakwa mzunguko mzima, nyingine imening'inia kwa ndani kama ulimi. Kipande kikikatika, alisema, kitateremka hadi kwenye chujio la pampu ya oili na kuziba njia. Silikoni ni ya kwenye pembe chache tu, zile ambazo kitabu cha gari kinazitaja.

Lakini hata silikoni hakuiona kuwa ndiyo chanzo. Alichomoa valvu ndogo ya kupumulia, akaitikisa karibu na sikio langu. Kimya. Ilipaswa kulia. Ilikuwa imejaa masizi yaliyoganda kama lami. Injini nayo hupumua: gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka chini, na valvu ile ndiyo inayoitoa. Ikiziba, presha hujaa ndani na kutafuta penye udhaifu, iwe gasketi au sili. Ningebadilisha gasketi kumi na bado ingevuja. Tulipotikisa mpya ikalia cha-cha-cha, na nikafurahi kuliko nilivyotarajia kufurahia kipuri kidogo namna ile.

Kufunga alinifanya nifunge mwenyewe. Boliti za katikati kwanza, kisha kwenda nje kwa kupishanisha, raundi mbili, mwisho spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwenye niutoni mita 10 ambazo kitabu cha gari lile kilitaka. Mkono wangu ulitaka kuongeza. "Acha," alisema. Ukibana kupita kiasi, gasketi hufinyika na kava hupinda.

Kwa kuwa tulikuwa tumeshafungua, tuliweka plugi mpya, tukamwaga oili ya zamani na kutia mpya, tukabadilisha filta na washa ya nati ya kumwagia. Mikanda tuliikagua mmoja mmoja, maana oili hulainisha mpira hadi ukavimba na kupasuka.

Usiku ule nilitandika kadibodi chini ya injini. Asubuhi ilikuwa kavu. Siku ya nne nikakuta doa, moyo ukaniruka. Nikapiga magoti, nikaligusa, nikalinusa. Maji ya kiyoyozi tu. Nikachomoa stiki, nikaipangusa, nikaitumbukiza tena: oili ilikuwa kwenye alama ya juu, ya rangi ya asali. Nikafungua daftari, na chini ya mstari wa mwisho wa baba nikaandika tarehe, kilomita, na neno moja: kavu.