Saa nane katika kiti cha katikati
Wiki iliyopita nilisafiri kutoka London kwenda New York katika daraja la kawaida, na kwa kuwa sikulipia ada ya kuchagua kiti, niliwekwa katikati ya kijana aliyesinzia kabla ndege haijaruka na mzee mmoja aliyehitaji kwenda msalani karibu kila saa. Safari hiyo ya takriban kilomita 5,500 ilichukua saa nane, kwa sababu ndege ziendazo magharibi hupambana na upepo mkali wa anga za juu, ule ule unaozisukuma wakati wa kurudi. Hewa ya ndani ni kavu mno. Midomo ilinipasuka, na kuku wa mchana nikamwona hana chumvi kabisa, ingawa sikumlaumu mpishi, kwani ulimi hupoteza ladha ukiwa angani. Kilichonikera hasa ni abiria wa mbele kulaza kiti chake nikiwa bado ninakula, hata sinia likanigusa kifua. Tulipotua, saa yangu ya mkononi ilionyesha saa tatu usiku ya London, ilhali nje jua la saa kumi alasiri lilikuwa likiwaka.